Mjadala: Endometriosisi ni damu iliyorudi nyuma, au mtu huzaliwa nayo?

Binti wa Busia: Nina miaka 26. Kila mwezi nalala sakafuni siku tatu. Shangazi zangu wanasema ni chango tu, nizae litaisha. Daktari mmoja Kampala aliniingiza kamera tumboni akakuta tishu kama za utando wa ndani wa kizazi zimeota kwenye ovari, akasema hiyo ndiyo endometriosisi. Kwa maelezo yake, damu ya hedhi hurudi nyuma, hupanda mirija ya uzazi na kumwagikia ndani ya tumbo. Ni kweli? Na kuzaa kunaponya?

Mzee wa Jinja: Binti yangu, shangazi usiwabeze. Hiyo ya damu kurudi ni nadharia ya Sampson, Mmarekani, tangu miaka ya 1920. Kama ni kweli, kila hedhi inamwaga mbegu ya ugonjwa upya. Bibi zetu walikuwa na mimba au wananyonyesha, hedhi waliziona chache. Kwenye utafiti wa taifa wa 2000/01 mwanamke wa Uganda alizaa wastani wa watoto 6.9, ule wa 2022 unasema 5.2. Mimba chache, hedhi nyingi, ugonjwa nao mwingi. Hesabu ni hiyo.

Nesi wa Arua: Mzee wangu, hesabu ni nzuri ila inavuja. Damu hurudi nyuma kwa wanawake walio wengi, pengine 9 kati ya 10. Wanaougua ni kama 1 kati ya 10. Kwa nini huyu na si yule? Hapo ndipo wanataja kinga ya mwili, na damu ya ukoo. Tena ugonjwa umeonekana kwa wanaume wachache waliopewa homoni za kike kutibu saratani ya tezi dume. Hao hedhi waliitoa wapi? Ndiyo maana wapo wanaosema seli za utando wa tumbo hujigeuza kuwa kama za kizazi, na wengine kwamba masalia ya seli za kizazi yalibaki pale tangu mtoto hajazaliwa.

Jirani wa Malaba: Msimzike Sampson bado. Hapo Nairobi watafiti waliwawekea nyani utando wa hedhi tumboni, ugonjwa ukaota.

Nesi wa Arua: Sijamzika. Nasema peke yake hatoshi. Na hao bibi zetu, nani aliwachungulia? Mwaka 1976 daktari Chatman wa Chicago alionyesha kwamba wanawake Weusi wengi walioambiwa wana maambukizi ya viungo vya uzazi walikuwa na endometriosisi. Huku kwetu pia antibayotiki zinagawiwa kama karanga. Dada, mimba huweza kutuliza maumivu kwa muda, haiponyi. Na ugonjwa wenyewe huichelewesha hiyo mimba.

Mzee wa Jinja: Hapo kwa wanaume umeninyamazisha. Hoja ya hedhi siiachi. Ila nina mjukuu wa miaka 15, kila mwezi anakosa shule. Tuanzie wapi?

Nesi wa Arua: Aandike siku za maumivu miezi mitatu, na kama yanampata akienda haja. Mpelekeni kwa daktari wa wanawake na hilo daftari. Mama yake aliumwa hivyo?

Mzee wa Jinja: Sikuwahi kumuuliza.