Kilifi hadi Shelisheli kwa katamarani ya futi 16: mgeni wangu anataka twende wote

mtoto_wa_takaungu:
Wadau, habari za saa hizi. Mimi nafanya kazi ya kupeleka wageni baharini hapa Kilifi kwa zile katamarani ndogo za ufukweni, Hobie 16, zile zenye viboti viwili vilivyounganishwa kwa wavu katikati, mwaka wa tisa sasa. Kuna Mjerumani mmoja huja kila Januari, na sitadanganya, tanga analijua kunishinda. Juzi kaniambia mwakani mwezi wa pili tuvuke hadi Shelisheli, mimi na yeye, atanilipa mshahara wa miezi sita. Ananionyesha video za Wafaransa wanaovuka Atlantiki na vitu kama hivi. Hakuna chumba wala paa, mtu analala juu ya wavu. Bahari siiogopi, lakini mbali nilikowahi kufika ni Wasini. Hao watu hulala vipi? Wakipinduka usiku je? Au nimwambie atafute mwingine?

fundi_mkokotoni:
Kwanza, mshahara wa miezi sita ni kidogo.

Mimi ni mzaliwa wa Mkokotoni, Unguja, lakini mwaka wa kumi na mbili niko La Rochelle, Ufaransa, napiga faiba kwenye karakana ya katamarani. Hayo ya kwenye video si uongo. Njia yao maarufu ni Dakar hadi Guadeloupe, kisiwa cha Karibi, kama maili 2,550 za baharini. Mwaka 2007 Pierre-Yves Moreau na Benoît Lequin waliikata kwa siku 11 na saa 11. Mwaka 2017 wakaja Waitaliano, baba na mwanawe, Vittorio na Nico Malingri, na chombo cha futi 20: siku 11 na saa moja. Piga hesabu, ni zaidi ya maili 230 kila siku, mchana na usiku, mwili uko nje unachapwa na maji.

Lakini mbona wote wanaanzia Dakar? Mbona hakuna anayeanzia Guadeloupe? Upepo wa kule hutoka kaskazini-mashariki, unawasukuma toka nyuma njia nzima.

Sasa fungua ramani. Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, iko karibu mashariki kabisa ya kwenu, kilomita zipatazo 1,750. Mwezi wa pili ni kaskazi, na kaskazi inatoka huko huko mnakokwenda. Mtabisha, yaani kupinda-pinda dhidi ya upepo, tangu Kilifi hadi mwisho, na Hobie 16 haina hata ubao wa kushuka majini kuizuia isisukumwe pembeni. Ukingoja kusi, nayo inatoka kusini-mashariki, utabisha vile vile. Mjerumani wako kama ana fedha aipakie boti melini mpaka Mahé, halafu mje nayo nyumbani. Bahari ni hiyo hiyo, ila upepo utakuwa nyuma ya bega.

Kuhusu kulala: hawalali. Nakwambia kwa yaliyonipata. Julai moja mimi na mwenzangu wa kazini, Mfaransa wa Bretagne, tuliondoka hapa kwenda Santander, Hispania, kwa katamarani ya futi 18. Kama maili 200 tu. Tulipanga siku mbili na usiku wake, zikawa tatu. Usiku wa kwanza tulicheka. Wa pili upepo ukapanda, omo, yaani ncha ya mbele, ya upande wa chini ikazama kwenye wimbi, chombo kikapiga kichwa mbele, nasi tukarushwa kama nazi. Kila mtu alikuwa amejifunga kamba, ndivyo inavyotakiwa, lakini yangu ilinasa chini ya wavu na kichwa changu kikabaki chini ya maji. Mwenzangu ndiye aliyeikata. Tangu hapo kisu nakiweka kifuani, si kwenye begi.

Kukiinua chombo kilichopinduka sasa. Mchana, boti tupu, wewe mwenyewe unajua ni dakika mbili: kamba juu ya ubavu wa juu, mnajitupa nyuma, tanga linashika upepo, kinasimama. Sisi tulikuwa na mabegi yaliyojaa maji na mikono imekufa ganzi. Ilichukua karibu nusu saa. Kilichotuokoa ni boya la juu ya mlingoti, bila hilo chombo kingegeuka chini juu na tungekuwa hadithi nyingine.

Usiku wa tatu nikasikia adhana. Adhana ya kwetu kabisa, sauti ya mwadhini wa msikiti wetu wa Mkokotoni. Nikamwamsha mwenzangu, nikamwambia nchi kavu hiyo hapo. Tulikuwa maili arobaini kutoka pwani yoyote. Halafu makalio: vipele vya chumvi viligeuka vidonda, wiki mbili nilikula nimesimama.

Kuna huyu Yvan Bourgnon, Mfaransa-Mswisi, aliizunguka dunia peke yake kwa katamarani ya mita 6.3 isiyo na chumba, akitumia sekstanti, kile kifaa cha kupimia jua na nyota, badala ya GPS. Aliondoka Les Sables-d'Olonne, jirani na hapa, Oktoba 2013, akafika Ouistreham Juni 2015. Bahari kuu alizopita zilimvumilia. Kilichomvunjia chombo ni mwambao wa Sri Lanka, 2014.

BiMkubwa_Likoni:
Mtoto wa Takaungu, mama yako kasemaje?

nahodha_mstaafu:
Vijana wangu, mimi nimepiga jahazi Lamu, Mombasa na Kismayu tangu sijaota ndevu. Ngalawa nayo ina mbao mbili za kuizuia isipinduke, na sijapata kuona mtu akaipeleka Shelisheli. Hayo ya upepo kijana wa Mkokotoni kasema kweli. Mimi nina neno moja: maji ya kunywa mtabeba kiasi gani, na mtayaweka wapi?

fundi_mkokotoni:
Shikamoo mzee wangu. Hapo umegusa penyewe. Watu wawili, lita tatu kila mmoja kwa siku, siku kumi na mbili, ni lita 72, yaani kilo 72. Hobie 16 yenyewe ina uzito wa kilo 145. Weka watu wawili, chakula, redio, omo inazama kabla hujatoka Mnarani. Ndiyo maana hao wanaovuka Atlantiki hubeba pampu ya mkono inayochuja chumvi, na huchukua chombo kirefu zaidi chenye mabawa ya kukalia pembeni. Ile pampu ndogo unaisukuma saa nzima kupata kama lita moja.

Na kile kitoa ishara cha setilaiti, cha megahezi 406, kisajiliwe kabla ya safari. Mombasa kuna kituo cha kuratibu uokozi baharini, lakini katikati ya njia helikopta haifiki. Atakayekuja kukuokota ni meli ya mizigo, ikiwa ipo karibu.

mtoto_wa_takaungu:
Asanteni sana, na wewe mzee wangu, shikamoo. Bi Mkubwa, mama bado hajui. Nimemwambia mgeni mambo matatu: boti ndefu, tuanzie Mahé, na mshahara wa mwaka. Nilidhani atakasirika. Kajibu usiku huu: "Kontena kutoka Mombasa hadi Mahé ni bei gani?" Kuna mtu hapa yuko bandarini anisaidie?