Kifusi kimemwagwa kwenye makaburi ya kale Kunduchi, halafu sisi tunaosafisha ndio tunaulizwa hati!

Wakuu, naandika hapa mikono bado ina vumbi la chokaa. Leo asubuhi tumefika kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi kama kila Jumamosi, mapanga, mafyekeo na ndoo, tukakuta lori limeshamwaga kifusi upande ule wa ujenzi. Matofali yaliyovunjika, mifuko ya saruji, vigae vya chooni. Vigae vya chooni jamani, vimeegemea kaburi la mtu aliyezikwa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa!

Kwa asiyepajua: ni Dar es Salaam, unaingilia Mtongani kutoka Barabara ya Bagamoyo, unashuka kuelekea baharini. Kuna mibuyu, mabaki ya msikiti, na makaburi ya nguzo, yaani yenye nguzo ya mawe iliyosimama juu yake, ya karne ya 18, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mafundi wa wakati ule walipachika sahani za kaure kutoka China kwenye makaburi yale. Ujenzi wa namna hii ni wa pwani yetu, kuanzia Somalia kushuka huku. Kwenye magofu ya Kaole, kule Bagamoyo, watu wanalipa kiingilio kuuona. Sisi tunaumwagia kifusi.

Sahani nyingi ziling'olewa zamani, yamebaki matundu ya duara. Ukipitisha kidole ndani unakigusa kitako cha sahani kilivyojichora kwenye chokaa. Leo pembeni ya tundu mojawapo kuna mkwaruzo mpya, mweupe, upana wa kiganja changu, chokaa imebanduka mpaka jiwe linaonekana. Hilo ni jino la katapila, mvua haikwaruzi hivyo.

Nimemfuata msimamizi wa ujenzi. Sikumtukana, nimemshika mkono nikamwonyesha. Akanijibu, "Kaka, hati ya hapa unayo wewe?"

Hati! Tumepeleka barua ofisini. Ofisi ya kwanza wakasema hilo ni suala la mipaka, nendeni ardhi. Kule wakasema hayo ni mambo ya kale, hayatuhusu. Barua ya tatu iligongwa muhuri wa kupokelewa kabla ya masika, mpaka leo kimya.

Na sheria zipo. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964. Hata makaburi ya kawaida, Serikali ikilihitaji eneo, kuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969, na kuna utaratibu wa kutoa taarifa na kulipia uhamishaji. Sasa hawa ambao hawana mtu wa kwenda kudai kwa niaba yao, ndiyo wafukiwe mara ya pili?

Kuna watakaosema tunazuia maendeleo. Hakuna hata mmoja wetu anayepinga mtu kujenga kwenye kiwanja chake. Sisi wenyewe tunaogopa kuharibu. Tulipoanza tuliziba ufa kwa saruji, fundi mmoja mzee akatugombeza sana: saruji inafungia unyevu ndani, jiwe la matumbawe linaanza kumomonyoka, hapo panataka chokaa. Tangu siku ile hatuzibi kitu. Tunafyeka nyasi tu, na miche iliyoota ukutani tunaikata juu, hatuing'oi, maana ukivuta mzizi unakuja na ukuta. Watu wanaogopa kuvuta mche, mwingine analeta katapila.

Tunachotaka ni bikoni, zile alama za mpaka wa kiwanja. Mpimaji aje, eneo lizungushiwe bikoni zinazoonekana, kibao kisimamishwe, na aliyemwaga kifusi akiondoe kwa mikono na matoroli. Katapila lisisogee tena pale.

Mwenye picha za zamani za Kunduchi, hata za ziara ya shule, aziweke humu tafadhali, tuzipeleke pamoja na za leo zionyeshe nguzo zilivyokuwa kabla. Jumamosi ijayo tunaanza kubeba wenyewe saa moja asubuhi. Ukija, njoo na glavu, vigae vinakata.