Besiboli ya Texas A&M: Missouri ametupiga zote tatu nyumbani, halafu mnaniambia nisubiri wachezaji wapya?

Wakuu,

Nimekaa kimya tangu Mei kwa sababu kila nikitaka kuandika hasira inanipanda mpaka kooni. Leo mdau mmoja kaniambia nitulie, 2026 tunarudi Omaha, kule zinakochezwa fainali za besiboli ya vyuo, kwa kuwa wapigaji wetu wawili, Gavin Grahovac amepona bega na Caden Sorrell bado yupo. Maneno haya haya ndiyo tuliyoambiana mwaka jana, tofauti ni majina tu. Kwa hiyo naombeni mnivumilie, leo nayatoa yote.

Kwa wasiojua: naishi Houston, College Station kilipo chuo ni mwendo wa saa moja na nusu na kidogo kwa gari. Mwanangu ndiye aliyeniingiza kwenye mchezo huu, yeye akasoma akamaliza, mimi nikabaki na mapenzi. Siyo shabiki wa kwenye simu. Jua la Texas nimelikalia.

Nianze na Missouri, maana hilo ndilo donda. Mei 2025 Missouri wanakuja uwanjani kwetu Blue Bell Park wakiwa wamecheza mechi 24 za SEC, kanda ya vyuo tunayochezea, na kupoteza zote 24. Zote! Wakatupiga Ijumaa, wakatupiga Jumamosi, wakatupiga Jumapili. Walimaliza msimu na ushindi 3 na vipigo 27 kwenye SEC, na zote tatu walizoshinda ni sisi tuliowapa, nyumbani kwetu. Timu iliyoanza msimu ikipewa namba moja nchi nzima! Tulimaliza na ushindi 30 kwa vipigo 26, kwenye SEC 11 kwa 19, na kwenye timu 64 zinazoitwa mashindano ya taifa hatukuitwa. Mwaka mmoja kabla tulikuwa 53 kwa 15 na tulibakiza mechi moja kuwa mabingwa.

Sasa watu wanauliza nini kilitokea kana kwamba ni uchawi. Kilichotokea kinajulikana. Jumatatu ya tarehe 24 Juni 2024 tumepoteza fainali ya tatu kwa Tennessee, 6 kwa 5. Hatujawahi kuchukua ubingwa wa Omaha tangu chuo kianze kucheza besiboli, kwa hiyo mnaweza kufikiria usiku ule ulikuwaje. Mwandishi akamuuliza kocha wetu mkuu, Jim Schlossnagle, kuhusu tetesi za kuondoka, kocha akakasirika, akasema alikuja hapa ili asitafute kazi nyingine tena. Kesho yake, siku iliyofuata tu, anatangazwa kocha wa Chuo Kikuu cha Texas, kule Austin, mahasimu wetu wa damu, waliokuwa wanaingia SEC siku sita baadaye. Akaondoka na Max Weiner, kocha wa warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira. Akaondoka na msaidizi wake Nolan Cain. Michael Earley, kocha wa wapigaji, naye alikuwa anaelekea huko, ndipo tukamrudisha awe kocha mkuu kabla Juni haijaisha. Wachezaji wenyewe walimpigia debe, na wengi wakabaki kwa ajili yake. Jace LaViolette, mpigaji wetu nyota, akabaki. Mrushaji Ryan Prager aliitwa na Angels, klabu ya ligi kuu ya kulipwa, kwenye raundi ya tatu ya uteuzi, akakataa kusaini, akarudi.

Hao vijana siwalaumu hata kidogo. Nawalaumu waliokaa ofisini wakaona majina yaliyobaki wakasema gari lina mafuta, mwekeni dereva yeyote. Earley hakuwahi kuwa kocha mkuu wa chuo hata siku moja. Tukampa timu iliyopangwa namba moja, na benchi ambalo nusu yake ndiyo kwanza linafahamiana. Na sisi mashabiki tukashangilia orodha za Januari, zile za kupanga timu kabla ya msimu, kama vile ni kombe! Tulipima wachezaji. Makocha hatukuwapima kabisa.

Najua mtakachonijibu, maana nimeshajibiwa mara kumi: "Mbona kocha Tony Vitello naye alianza vibaya Tennessee?" Sawa. Vitello aliajiriwa 2017, naye hakuwahi kuwa kocha mkuu, na msimu wake wa kwanza, 2018, alimaliza 29 kwa 27, ukiangalia haraka unaona ni ule ule wa kwetu. Lakini wakuu, Tennessee ile aliikuta hoi. Yeye alikuwa anapanda, sisi tumeporomoka kutoka fainali. Na kuna jambo ambalo wanaoleta mfano huu wanaliruka kila siku. Vitello alikwenda na Frank Anderson, mwalimu wa warushaji mwenye mvi zake, na mzee yule alikaa naye miaka yote: 2019 wakaingia mashindano ya taifa, 2021 wakafika Omaha, 2024 wakatufunga sisi. Miaka saba, mwalimu mmoja wa warushaji.

Sisi je? 2023 mwalimu wa warushaji alikuwa Nate Yeskie, akaenda LSU, chuo cha Louisiana. 2024 Weiner, akaenda Austin. 2025 Jason Kelly. Misimu mitatu, walimu watatu! Mtoto kama Prager amefundishwa na wote hao. Kila mmoja anakuja na lugha yake: huyu anataka mpira uanze juu, yule anataka uzamie chini, huyu anapanga mazoezi ya mkono kwa namna hii, yule anafuta anaanza upya. Ni kama timu ya mpira wa miguu kubadilisha kocha wa makipa kila msimu, halafu unashangaa kipa anatoka golini hovyo.

Na kwenye besiboli ya vyuo hili ni zito kuliko mnavyodhani, kwa sababu ya wikiendi. SEC unacheza mechi tatu mfululizo na timu moja, Ijumaa hadi Jumapili. Mrushaji akitupa mipira kama mia Ijumaa, huyo umemmaliza mpaka wiki ijayo. Kwa hiyo nyota mmoja anakupa mechi moja tu. Mechi ya pili na ya tatu zinashindwa na watu wasiojulikana: kijana wa mwaka wa kwanza anayeingia zamu ya sita wapinzani wakiwa kwenye kituo cha pili na cha tatu. Huyo hauzwi kwenye orodha ya Januari. Huyo anatengenezwa, polepole, na mwalimu anayemjua. Mimi nilikuwa naangalia wikiendi zetu za 2025 mpaka nakunja ngumi. Sisemi wapigaji hawana lawama, nao kuna wakati walipoa, na kumpoteza Grahovac kwa upasuaji wa bega msimu ukiwa haujachanganya kulituumiza. Lakini hata hapo: mtu aliyewafundisha kupiga vizuri 2024 ni Earley, na 2025 huyo huyo akawa na kazi za kocha mkuu. Tukapoteza kocha mkuu, na hapo hapo tukapunguza mwalimu wa wapigaji. Nani alilipigia hesabu hilo?

Kinachonichoma zaidi ni LaViolette. Kijana ndiye anayeongoza kwa mipira iliyovuka uzio katika historia nzima ya chuo. Kwenye mashindano ya SEC kule Hoover, Alabama, mpira ukamvunja mkono. Akafanyiwa upasuaji. Akarudi kucheza ndani ya mashindano yale yale! Mkono umevunjika, akashika gongo, kwa sababu alijua tusiposhinda pale msimu umekufa. Julai akachaguliwa wa 27 na Cleveland kwenye uteuzi wa ligi kuu, Mungu ambariki huko aliko. Kijana alilipa deni ambalo siyo lake.

Ndiyo, najua, Austin nao walitolewa nyumbani kwao na UTSA, chuo cha San Antonio, kwenye mashindano ya taifa. Hilo halinifariji. Kabla ya hapo walishinda 22 kati ya 30 na kuchukua SEC mwaka wao wa kwanza, na aliyekuwa anawafundisha warushaji wao ni Weiner, aliyetoka kwetu.

Mkurugenzi wetu wa michezo, Trev Alberts, alimbakiza Earley, na mimi sipingi. Kumfukuza baada ya msimu mmoja ni kurudia upuuzi ule ule kwa mara ya nne. Ila sikumsikia mtu yeyote akisema kwa sauti kwamba Kelly hatikisiki pale. Hicho ndicho nilichokuwa nakisubiri kiangazi chote. Badala yake tunahesabiana nani ametoka chuo gani. Sheria za sasa mchezaji anahama kila mwaka akitaka, vyuo vinalipa wachezaji moja kwa moja tangu Julai 2025, na kikosi mwisho ni watu 34. Ukishakosea kumi kati ya hao huna pa kujificha, na ukipata kumi wazuri bila mwalimu wa kudumu, mwakani wanafundishwa na Weiner au Yeskie wa chuo kingine.

Februari 2026 nitakuwepo uwanjani, sitasusa. Lakini wewe unayeniambia 2026 ni Omaha, usinitajie Grahovac wala Sorrell, hao nawajua. Nijibu hapa chini: Jumapili anarusha nani?