Nitahakikishaje kwamba makato ya kadi yanalingana na asilimia tuliyokubaliana?

Muuza Leso, Biashara Street

Assalam aleikum ndugu zangu. Nina duka la leso na vikoi hapa Biashara Street, na wateja wengi, hasa wageni wanaotoka kutembea Fort Jesus na Mji wa Kale, hulipa kwa kadi. Mkataba niliotia sahihi na kampuni inayonipitishia malipo unataja kamisheni ya asilimia 2.8. Mwezi uliopita wateja walilipa kwa kadi jumla ya Sh 412,600, lakini zilizoingia benki ni Sh 398,399.20. Zimekatwa Sh 14,200.80, ambazo nikizigawanya kwa mauzo napata asilimia 3.44, ilhali kwa hesabu ya mkataba nilistahili kukatwa Sh 11,552.80 tu. Nilipopiga simu niliambiwa kwamba makato hufanywa na mfumo wenyewe. Sitaki kumtuhumu mtu kabla sijawa na uhakika, wala sitaki kunyamaza ikiwa nadhulumiwa. Nianzie wapi?

Mhasibu, Tudor

Wa aleikum salaam, dada. Hiyo asilimia 3.44 inatosha kukufanya uulize, lakini haitoshi kukufanya udai, kwa sababu umegawanya makato yote kwa mauzo yote, na ndani ya makato hayo huenda kuna vitu ambavyo si kamisheni. Kodi ya mashine ya kadi (yaani ada ya kuikodi), ada ya muamala uliopingwa na mwenye kadi, na fedha alizorudishiwa mteja hukatwa mara nyingi kutoka katika fungu lile lile kabla halijatumwa benki. Hali kadhalika, malipo ya siku za mwisho wa mwezi huingia benki mwezi unaofuata, kwa hivyo ukilinganisha tarehe ya mauzo na tarehe ya benki utapata tofauti ambayo haipo.

Omba ripoti ya miamala inayoonyesha kila malipo katika mstari wake: tarehe, kiasi kamili alicholipa mteja, kamisheni, na kilichobaki. Usikubali ripoti ya jumla za siku, kwani jumla huficha kile hasa unachokitafuta. Iweke katika jedwali la kompyuta, kisha kwa kila mstari gawanya kamisheni kwa kiasi kamili. Ikiwa kila mstari ni asilimia 2.8, tatizo halipo katika kamisheni, litafute kwingine. Ikiwa baadhi ni 2.8 na baadhi ni zaidi, panga mistari kwa asilimia uone iliyokatwa zaidi inafanana katika jambo gani. Na mtu asikwambie kwamba tofauti imetokana na kukadiria senti: kila muamala unaweza kupotoka kwa nusu senti tu, kwa hivyo hata miamala 200 haiwezi kuleta tofauti inayozidi shilingi moja.

Jambo jingine huwapotosha wafanyabiashara wengi. Ikiwa umesajiliwa kwa VAT na daftari lako la mauzo limeandikwa bila kodi hiyo, usilitumie kugawanyia. Kamisheni hutozwa juu ya kiasi chote alicholipa mteja, pamoja na VAT ya asilimia 16, na ukigawanya kwa mauzo yasiyo na kodi, asilimia 2.8 iliyo halali kabisa itaonekana kuwa karibu 3.25.

Mwenye Nyumba ya Wageni, Mji wa Kale

Naongezea nukta moja juu ya maelezo ya Bwana Mhasibu. Kwangu tofauti ilitokana na kadi za nje. Sehemu kubwa ya kamisheni haibaki kwa kampuni iliyokupa mashine, bali huenda kwa benki iliyotoa kadi ya mteja, na nyingine kwa Visa au Mastercard wenyewe, na gharama hizo kwa kawaida hupanda kadi inapotoka nchi nyingine. Ndiyo maana mikataba mingi ina asilimia mbili, ya kadi za hapa Kenya na ya kadi za nje, na hiyo ya pili mara nyingi imeandikwa katika kiambatisho ambacho mtu hakisomi siku ya kutia sahihi.

Usiitambue kadi ya nje kwa sura ya mteja. Mzungu aliyehamia Nyali anaweza kuwa na kadi ya benki ya Nairobi, na ndugu yetu aliyekuja likizo kutoka Uingereza akalipa kwa kadi ya huko. Ripoti nyingi huonyesha tarakimu sita za mwanzo za kadi na nne za mwisho, na hizo za mwanzo ndizo zinazoitambulisha benki iliyoitoa. Kwa hizo utajua kama kadi iliyotozwa bei ya nje ni ya nje kweli.

Muuza Leso, Biashara Street

Nawashukuru sana nyote. Ripoti nimeipata baada ya kuiomba kwa barua pepe, na nimefanya kama mlivyonielekeza. Kodi ya mashine ni Sh 1,000 pamoja na VAT, jumla Sh 1,160, nayo imo katika mkataba, kwa hivyo sina neno. Kadi za Kenya zote zimekatwa asilimia 2.8 barabara. Kadi za nje, zilizolipa jumla ya Sh 186,000, zimekatwa asilimia 3.6, na ziada yake ni Sh 1,488. Nikijumlisha 1,160 na 1,488 napata Sh 2,648, ambayo ndiyo tofauti yote niliyoileta hapa.

Nimesoma mkataba na kiambatisho chake neno kwa neno. Unasema asilimia 2.8 "kwa kadi zote za Visa na Mastercard", na hakuna mahali palipotaja kadi za nje. Sikupata taarifa yoyote ya kubadilishwa kwa bei. Je, wanaweza kusema kwamba gharama zao ndizo zilizopanda?

Mhasibu, Tudor

Wanaweza kusema, na huenda ni kweli kwamba kadi hizo zinawagharimu zaidi, lakini hilo haligusi deni lako. Kampuni inayokubali bei moja kwa kadi zote imekubali kupata zaidi katika kadi za hapa na kidogo katika kadi za nje. Haiwezi kuchukua faida ya upande mmoja kisha ikaurudisha mzigo wa upande wa pili kwako. Kabla ya kuandika, hata hivyo, tafuta kifungu kinachoeleza namna ya kubadilisha bei, kwa kuwa baadhi ya mikataba huruhusu tangazo kutumwa kwa barua pepe tu, na barua pepe kama hiyo inaweza kuwa imeangukia kwenye sanduku la taka. Angalia pia muda uliowekwa wa kupinga makato.

Ukishajiridhisha, andika barua na usitegemee simu. Nukuu kifungu cha asilimia 2.8, ambatisha orodha ya miamala ya kadi za nje ikionyesha kilichokatwa na kilichostahili kukatwa, taja Sh 1,488 kuwa ndicho unachodai, na useme wazi kwamba kodi ya mashine huipingi. Anayedai kiasi kilicho sahihi tu ni vigumu kupuuzwa. Waombe warekebishe bei katika mfumo pamoja na kurejesha fedha, la sivyo mwezi ujao utaandika barua hiyo hiyo. Wakikaa kimya, watoa huduma za malipo wako chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Kenya kwa sheria ya mfumo wa malipo ya mwaka 2011, na malalamiko yenye barua na jedwali yana uzito huko.

Kisha pakua ripoti za miezi yote iliyotangulia leo hii, kabla hujaituma barua, uzihifadhi kwako. Ikiwa bei ya 3.6 haikuanza mwezi uliopita, dai lako ni kubwa kuliko unavyodhani.