Steroidi na mazoezi: mbona tafiti zinapingana?

Mnyanyua_Vyuma:
Habari zenu wakuu. Nasoma tafiti za steroidi (dawa za kujenga misuli) na mazoezi, nachanganyikiwa. Za miaka ya 1960 na 1970, huu unasema nguvu zilipanda, ule unasema hakuna tofauti na waliopewa dawa bandia, isiyo na kitu ndani. Niamini zipi: hizo, za baadaye zenye usimamizi mkali, au zinazofuatilia watumiaji wa jimu?

Siha_Kwanza:
Mkuu, anza na dozi. Nyingi za zamani zilitumia dozi ndogo kwa watu wachache, kila mmoja akila anavyojua. Sasa tazama ule wa Bhasin na wenzake, 1996: wanaume 43, makundi 4, wiki 10, testosteroni (homoni ya kiume) miligramu 600 kwa wiki, karibu mara 6 ya dozi ya tiba. Protini ilipangwa, mazoezi yalisimamiwa. Mazoezi bila dawa yaliongeza kilo 1.9 za mwili usio mafuta, dawa bila mazoezi 3.2, vyote pamoja 6.1. Punguza dozi na watu, tofauti hiyo inamezwa na tofauti za kawaida kati ya mtu na mtu.

Kocha_Neema:
Umesahau kipimo. Mtu kafanya skwati (kuchuchumaa na chuma begani) miezi miwili, halafu unampima kwa kusukuma kitu kisichosogea. Nguvu alizojenga hazitaonekana zote. Na mgeni wa vyuma hupanda haraka hata bila dawa, kwa hiyo ukichanganya wageni na wazoefu kundi moja, umeharibu hesabu.

Baba_Tatu:
Mimi linaloniumiza ni usiri wa dawa, yaani mtu asijue kapewa halisi au bandia. Steroidi ikimtoa chunusi, mtu anajua alichopewa, na anakazana zaidi. Mwaka 1972 wanyanyuaji 6 waliambiwa wanakunywa Dianabol, steroidi ya vidonge, kumbe vidonge vitupu. Nguvu zao zikapanda!

Mnyanyua_Vyuma:
Aisee, hilo sikulijua. Na za kufuatilia watumiaji?

Siha_Kwanza:
Zinagusa dozi ambazo hakuna kamati ya maadili ingeruhusu, lakini watu huchanganya dawa tatu nne, na chupa za magendo huenda zisiwe na kilichoandikwa. Kwa misuli naamini ule wa 1996. Kwa moyo na korodani narudi kwa watumiaji, maana madhara ya miaka hayaonekani ndani ya wiki 10.

Kocha_Neema:
Hapo nakuunga mkono. Kijana wangu mmoja aliacha dawa, miezi ikapita homoni zake hazijarudi. Tulikaa na majibu ya maabara mezani, hana hamu hata ya kugusa chuma.