Modeli ya Mto Malagarasi: seti mbili za vigezo, niamini ipi?

Swali, kutoka Kigoma: Habari za leo, wataalamu. Modeli yangu ya kompyuta ya mtiririko wa mto pale Uvinza inalingana na vipimo vya zamani kwa seti mbili za vigezo (namba zinazoiambia modeli udongo ulivyo), moja ya udongo unaonyonya maji upesi na nyingine ya udongo mzito. Lakini nikiongeza mvua kwa asilimia 20, vilele vya mafuriko vinaachana mbali. Nichague ipi?

Jibu: Ndugu yangu, usichague. Mwaka 1992 Keith Beven na Andrew Binley wa Uingereza walipendekeza modeli iendeshwe mara nyingi sana kwa vigezo vya kubahatisha, zitupwe seti zinazoshindwa kufuata vipimo, na zinazobaki zipewe uzito kwa kadiri ya ubora wake, ili jibu liwe ukanda wa makadirio badala ya mstari mmoja.

Jibu: Naongezea kwamba hata vipimo vyenyewe si msahafu. Kwenye ubao wa sentimita ukingoni husomwa kina cha maji tu, kisha mtiririko hukadiriwa kwa mchoro uliotokana na siku chache za kupima kasi, nyingi zikiwa za maji machache, maana mto ukifura nani ataingia na mtumbwi?

Muulizaji: Ahsanteni sana. Na ardhioevu ya Moyowosi, iliyo upande wa juu wa mto kutoka Uvinza?

Jibu: Hapo ndipo penye kazi, mwalimu. Maji husambaa kwenye mafunjo, mengine huwa mvuke, na kilele hufika Uvinza kimechelewa na kupungua. Modeli isiyo na ardhioevu italipia kosa hilo kwa kuusingizia udongo.