Naomba ushauri: watu sita kutoka Dodoma, laki sita na nusu, tunataka kwenda baharini

MwalimuWaNkuhungu

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, mume wangu ni fundi seremala. Tuna watoto watatu, wa miaka 11, 8 na 3. Likizo hii ya Juni tumeazimia kwenda baharini, na hatuendi kwa ajili ya watoto peke yao. Mama mkwe wangu ana miaka 70. Amezaliwa na kukulia Kongwa, watoto wangu wote watatu wamelelewa mgongoni mwake, na bahari hajaiona hata siku moja. Mwaka jana alinikuta namsomesha mkubwa jiografia, akauliza kama ni kweli ukisimama ufukweni huoni ng'ambo. Swali hilo halijanitoka moyoni.

Tumeweka akiba tangu Septemba, imefika 650,000, na haiongezeki tena kwa sababu Julai kuna sare na michango. Nauli ya treni ya SGR hadi Dar nimeshaipigia hesabu: watu wazima watatu 31,000 kila mmoja, watoto wawili nusu nauli yaani 15,500, mdogo bure. Kwenda na kurudi ni 248,000. Inabaki 402,000 ya malazi, kula na usafiri wa huko kwa siku tatu za kulala.

Ninachoogopa ni hiki. Miaka mitatu iliyopita mimi na mume wangu tulipeleka watoto kwenye hoteli moja ya ufukweni, kushinda tu. Tukalipa kiingilio kwa kila kichwa, tukanyang'anywa chakula tulichobeba mlangoni, maji ya kunywa tukauziwa mara tatu ya bei ya dukani. Jua halijazama hela ya wiki nzima imekwisha, na watoto walikaa ndani ya maji saa moja na nusu tu. Sitaki mama apate safari ya namna ile.

Twende wapi? Magoti yanamsumbua, ngazi na mteremko mkali haviwezi.

Mzee_wa_Panton

Mwalimu, Kigamboni. Mkishuka stesheni mnakwenda Magogoni, mnavuka na panton kwa shilingi 200 mtu mzima, mmefika. Nendeni Jumatatu hadi Alhamisi. Wikiendi fukwe nyingi za kule zinatoza kiingilio na miziki haikaliki kwa mtu wa miaka 70. Kabla ya kuvuka piteni soko la samaki la Feri asubuhi. Chukueni vibua au changu kwa fungu, wapo vijana wa kuwapaa na akina mama wa kukaanga papo hapo kwa hela ndogo. Mnavuka na mlo wenu kwenye hotpoti.

Kipusa88

Kwa nini msisubiri Desemba mkaenda Unguja? Bahari ya kule ndiyo bahari.

MwalimuWaNkuhungu

Dada, boti ya watu sita kwenda na kurudi inameza malazi yetu yote, na Desemba kila kitu kinapanda. Halafu mama ana miaka 70. Nikiweza leo sisubiri kesho.

TangaRaha_

Pangani ni pazuri na bei zake ni za kibinadamu, ila kutoka Dodoma mtakula siku nzima nyingine barabarani. Kwa siku tatu siwashauri. Mkipata wiki, njooni.

BintiMwambao

Shikamoo kwa mama yetu mkwe. Dada, mimi nimeolewa Bagamoyo mwaka wa tisa huu, ngoja niseme kwa kirefu kidogo.

Kigamboni anayoisema mzee ni nzuri, lakini panton ina foleni na msongamano, na mtu mwenye magoti mabovu kusukumwa pale ni mtihani. Bagamoyo ufuko wake ni bapa. Unatoka barabarani unatembea mchangani bila kupanda wala kushuka. Na ni mji, si hoteli. Ukilala gesti ya mtaani umezungukwa na mama lishe, duka, msikiti, kanisa, na bahari mnaifikia kwa miguu. Hakuna anayekulipisha kiingilio kuitazama. Hapo ndipo hela inapookoka: mkilala mbali na maji, kila siku mtalipa bajaji ya watu sita mara mbili.

Msichukue chumba kwa picha za mtandaoni. Fikeni mchana, baba watoto azunguke gesti tatu nne kwa miguu, aone choo, feni na chandarua, apatane bei ya siku tatu kwa mkupuo. Vyumba viwili vya heshima mtavipata kwa 60,000 au pungufu kwa usiku. Ulizeni pia kama wataruhusu jiko la mkaa uani. Wengi wanaruhusu ukiomba vizuri, na uji wa asubuhi wa watoto mkipika wenyewe mmeokoa hela nyingi.

Kutoka stesheni ya Dar chukueni bajaji mbili mpaka Makumbusho, pale kuna magari ya Bagamoyo. Ni kama kilomita 70. Msipande saa za jioni watu wakitoka kazini.

Samaki nunueni soko la pale ufukweni. Jioni wanakaanga, mnakula kwa mihogo na kachumbari.

Kwa vile wewe ni mwalimu, siku moja wapeleke watoto Kaole, kilomita tano hivi kusini mwa mji. Kuna magofu ya misikiti miwili na makaburi ya tangu karne ya 13. Na kwenye misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa 1868, wataona mahali mwili wa mmisionari Livingstone ulipolazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno kuliko cha mgeni, bebeni vitambulisho.

Nikuambie na ubaya wake: mto Ruvu unamwaga karibu, kwa hiyo masika maji yanakuwa na tope. Juni mvua imekatika, mtayakuta afadhali.

MvuviMstaafu_MSA

Salamu kutoka Mombasa. Dada, pwani yetu ni moja na maji yetu hujaa takriban saa zile zile, basi nikupe jambo ambalo watu wa bara huwa hawaambiwi. Hutoka mbali, wakafika ufuoni saa nne asubuhi, wakakuta bahari imekwenda zake na limebaki tope na mwani, wakadhani wamedanganywa.

Tazama mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na hujaa sana mnamo saa kumi alasiri na tena alfajiri. Siku za nusu ya mwezi ni maji mafu: hayaendi mbali wala hayaji juu sana, na kujaa kwake huangukia saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50. Ukijua hivi unajua lini waoge, lini wale, lini walale.

Maji yakipwa msiondoke. Wavisheni watoto raba, wachunguze madimbwi: kuna kaa, konokono, viti vya pweza (wale wenye umbo la nyota). Wawaangalie, wasiwatoe majini. Na wasikanyage wale wenye miiba mirefu myeusi.

Juni ni kusi, upepo ni mkali. Mama abebewe sweta.

NesiWaMkoa

Naongeza la usalama tu. Wa miaka mitatu awe na mtu mzima mmoja ambaye hana kazi nyingine, asishike simu, kwa zamu. Fukwe hizi hazina waokoaji. Mama abebe dawa zake za siku zote pamoja na za ziada, anywe maji mara kwa mara hata kama upepo unamdanganya kuwa hakuna joto.

MwalimuWaNkuhungu

Nawashukuru sana. Tumeamua Bagamoyo. Ratiba ya shule inatuangusha kwenye mwezi mpevu, kwa hiyo tutaoga alasiri. Nitaleta mrejesho.

MwalimuWaNkuhungu

Mrejesho, wapendwa. Tumerudi juzi.

Vyumba viwili siku tatu 180,000. Bajaji na daladala 54,000. Kula, pamoja na mkaa na unga wa uji, 118,000. Kaole na misheni kwa wote tulitumia 20,000. Zikabaki 30,000, mama akataka tuzinunulie samaki wa kukaanga wa kuwapelekea majirani Kongwa.

Kosa letu lilikuwa kutobeba mkeka mkubwa, tukanunua pale. Na mkubwa alichomwa mguu na mwiba siku ya pili kwa sababu alivua raba. BintiMwambao, Mungu akubariki, baba yao alizunguka gesti nne na ya tatu ndiyo tuliyochukua.

Mzee wa Mombasa, hili ni lako. Asubuhi ya kwanza tulifika ufukweni saa nne na nusu. Bahari ilikuwa mbali kabisa, vijiboti vimelala ubavu kwenye tope. Mama alisimama kimya muda mrefu, akauliza, "Yamekwenda wapi?" Kwao Kongwa maji yakiondoka yameondoka. Mume wangu akamwambia yatarudi saa kumi. Akasema basi anayasubiri, akaketi kwenye mkeka na sweta lake. Chakula cha mchana tulimletea pale pale. Watoto walikuwa wanakimbia kumwita aje aone kiti cha pweza, naye anajibu asije akakosa kuyaona yakirudi. Saa tisa yakaanza kuja kidogo kidogo, saa kumi yakagusa ukingo wa mkeka. Mume wangu akainama kuukunja, mama akamshika mkono, akasema tumwache kwanza.

Sasa hela ya mayai yake anaiweka kwenye kibubu. TangaRaha_, ameniagiza nikuulize Pangani gesti ni kiasi gani.